Ninavyogawa siku ya ushonaji nyumbani Mtwara

Fundi anayeshonea nyumbani hakosi saa. Saa anazo, ila zimekatwakatwa: jirani anapiga hodi, maji yametoka na ndoo hazijajazwa, mtoto karudi shule, mteja wa Newala anapiga simu kuuliza kama kitambaa alichotuma na gari la jana kimefika. Ratiba zinazofundishwa mara nyingi hupanga kazi kwa umuhimu, kubwa kwanza na ndogo baadaye. Kwangu hapa Chuno ratiba ya namna hiyo haimalizi siku mbili, kwa sababu haihesabu hodi. Mimi hupanga kwa kujiuliza swali moja tu kabla ya kushika kazi: nikiitwa katikati, itaharibika kiasi gani?

Inayoharibika zaidi ni kukata. Chukua kitenge cha yadi 6 chenye maua yanayotazama juu. Umekikunja, umelinganisha ua la upande huu na la upande ule, umebandika pini, umechora chaki. Ukinyanyuka kumpokea mgeni, upepo ukapita dirishani au mtoto akakanyaga ncha, ule mkunjo husogea vidole viwili na macho yako hayaoni. Unaporudi unakata, na unakuja kugundua kwenye cherehani kwamba mgongo ni mfupi kuliko kifua. Mshono hufumuliwa, mkato haufumuliki. Kitambaa chenyewe ni cha mtu, na ua lile huenda duka lililoliuza halina tena.

Baada ya kukata zinakuja kazi za kutia mikono, kola na zipu. Hizi ukiachishwa haziharibiki, ila zinakula muda wa kurudi: unakaa upya, unatafuta alama ulizoweka, unakumbuka ulikuwa unabana wapi. Mimi hujihesabia dakika 10 kwa kila mara ninaponyanyuka. Zinafuata kazi za mishono mirefu, yaani ubavu, mabega na ovaloki (mashine ya kuzungushia uzi ukingoni ili kitambaa kisifumuke), ambazo unaziachia popote mshono unapoishia. Mwisho kabisa kuna vifungo, pindo la mkono, kufumua, kukata nyuzi zinazoning'inia na kujaza bobini, kile kibiringi kidogo cha uzi wa chini. Hizi unafanya huku unaongea na mgeni na hakuna linalopotea.

Basi siku yangu imefuata mpangilio huo. Kukata ni baada ya swala ya alfajiri, kuanzia saa 11 na nusu hadi saa 1 kasoro robo, kabla nyumba haijaamka vizuri na kabla hodi hazijaanza. Nawasha taa juu ya meza. Kitambaa cheusi na cha bluu iliyokoza sikikati kwa taa. Nakiacha hadi mwanga wa jua uingie dirishani, maana chaki na mkunjo havionekani sawasawa. Saa 1 hadi saa 2 na nusu ni za nyumba: chai, kufagia, maji. Saa 2 na nusu hadi saa 6 ni za cherehani, nikianza na zipu, kola na mikono wakati akili bado mpya, kisha mishono mirefu. Nikiisikia adhuhuri nafunga. Saa 8 hadi saa 10 kasoro robo, chumba cha bati kinawaka moto, hasa Novemba mpaka Machi, kwa hiyo natoka barazani na kapu la kazi za mkono. Saa 10 hadi magharibi ni za wateja: vipimo, kujaribisha, kupokea vitambaa, na vile viraka vya "fundi, nizibie hapa tu".

Hivyo viraka vinahitaji ukali kidogo. Kuziba tundu ni dakika 5 za sindano, lakini kubadili uzi, kuvua kazi iliyo chini ya cherehani na kuirudisha ni dakika 15 nyingine. Nimeweka kapu mlangoni. Jirani anaacha nguo, anaondoka, na alasiri ile yote nabadili uzi mara moja kwa kila rangi. Maneno ninayotumia ni haya haya kila siku: "Iache hapo mama, kesho ukitoka sokoni pitia." Hakuna anayechukia, kwa sababu kesho anaikuta tayari.

Umeme ndio unaoweza kupindua mpangilio huu. Ovaloki na pasi vinahitaji umeme, cherehani ya miguu haihitaji. Kwa hiyo sisubiri nguo ifike mwisho ndipo nipige ovaloki. Kila umeme ukiwapo saa 2 na nusu, napiga kwanza ovaloki vipande vyote vilivyokatwa alfajiri kabla ya kuviunga, na pasi naipitisha kwenye pindo na kola kwa mkupuo mmoja. Ukikatika saa 4, nabaki na kazi ya miguu na ya mkono, siku haisimami. Aliye na mota peke yake kwenye cherehani namshauri atunze ile kanyagio na mkanda wake. Kuirudisha ni kazi ya dakika chache. Pasi ya mkaa nayo naitunza, ila mkaa huchukua karibu nusu saa kukolea, na lazima uifute chini na kuijaribu kwenye kitambaa kibovu kwanza, la sivyo jivu linadondokea kwenye nguo nyeupe.

Ovaloki ya nyuzi nne kuibadilishia rangi ni dakika 10 ukiwa na mkono mzuri. Ukishona nguo moja nyeusi, ya pili nyekundu, ya tatu nyeusi tena, umetupa dakika 20 za asubuhi. Panga kwa rangi: Jumamosi na Jumapili zilizokoza, Jumatatu nyeupe na krimu, na kuendelea. Ukibadili uzi, usichomoe wa zamani. Ukate karibu na kibiringi, funga mpya kwa fundo, kisha vuta taratibu upite njia yote. Fundo likifika kwenye tundu la sindano, kata utie kwa mkono.

Sasa hesabu ya saa, na hapa ndipo mafundi wengi tunapoumia. Ukijumlisha ratiba yangu ya kukata, cherehani na kazi za mkono unapata saa 6 na nusu. Mimi nazihesabu 5, nyingine ni za hodi. Siku 6 ni saa 30. Ijumaa siiuzi: ni ya msikiti, sokoni, na nyumba. Katika hizo 30 naondoa 6 za dharura, kwa sababu msiba haupangiwi miadi na mtaani kwetu huwezi kukosa. Khitma na arobaini zina tarehe, hizo naziandika kwenye kalenda mapema. Zinabaki saa 24 za kuuza kwa wiki. Mteja akiniletea kitambaa, swali langu la kwanza ni kwa hizo 24: zimebaki ngapi?

Ili kujibu lazima ujue nguo moja inakula muda gani, na kukisia hakusaidii. Chukua simu, pima nguo 3 za aina moja, kipande kwa kipande. Gauni la kitenge lisilo na bitana kwangu ni hivi: kukata dakika 25, kuunga 70, ovaloki 15, zipu 20, pindo 20, pasi 15. Hizo ni 165. Ongeza 15 za kumjaribisha mwenyewe, zinakuwa 180, saa 3 kamili. Kati ya vipimo vitatu chukua kirefu kuliko vyote, usichukue cha wastani, maana ile siku iliyokuchelewesha itarudi tena. Dera ni dakika 45. Gauni lenye bitana ni saa 5. Saa zako zinaweza kuwa tofauti na zangu. Cha muhimu ziwe zimepimwa.

Sare za watu wengi zina hesabu yake. Magauni 12 ya unyago, mshono mmoja rahisi ambao moja peke yake lingekula saa 2, nikiyakata kwa pamoja na kuyaunga kwa hatua, mabega yote kisha mbavu zote, yanashuka hadi dakika 100 kila moja. Jumla saa 20. Maana yake wiki hiyo ina saa 4 tu za mtu mwingine, na siyo kwamba "nitajibana". Usikate 12 kwa kupanga vitambaa 12 juu ya kimoja. Vya chini huteleza. Tabaka 4, pini nyingi, mara tatu. Na kabla ya yote, kimoja kikatwe, kishonwe, kijaribiwe na mwenye mwili mkubwa kuliko wote katika kundi.

Vitenge vya pamba na kanga hunywea na kupungua vikiloweshwa. Vinatakiwa viloweke usiku, vianikwe kivulini asubuhi, vikatwe kesho yake. Hiyo siku moja si ya mikono yako, lakini ipo, na ukisahau kuihesabu unaahidi uongo. Tetroni ya sare za shule haina shida hiyo.

Kwenye kuahidi, usimuulize mteja "unaitaka lini?" Atakwambia kesho. Muulize "unaivaa lini?" Akitaja siku ya harusi, rudi nyuma siku 2, hiyo ndiyo ya kuchukua, rudi tena siku 3, hiyo ndiyo ya kujaribu. Ziandike zote mbili mbele yake. Daftari langu lina jina, tarehe ya kupokea, kitambaa na urefu wake, mshono, siku ya kuvaa, siku ya kujaribu, siku ya kuchukua, kianzio alicholipa, kisha safu mbili za mwisho: saa nilizokadiria na saa zilizotumika. Bila kianzio sikati, kwa sababu saa za nguo isiyokuja kuchukuliwa haziuziki mara ya pili.

Idi ina ugumu wake: mwezi unaweza kuandama jioni ya tarehe 29. Anayehesabu siku 30 anaweza kukuta watu wanakwenda kuswali na nguo zao ziko mezani kwake. Nafunga kupokea tarehe 15 Ramadhani na namaliza tarehe 27. Ratiba pia inageuka: kukata ni baada ya daku, cherehani inaisha saa 5, mchana nalala, kazi za mkono nazifanya baada ya tarawehe.

Mwaka wetu wa kusini una mwendo wake. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo ya wakulima yanapoingia wanakuja kwa pamoja: sare, magauni ya harusi, nguo za unyago wa likizo ya Desemba, na nyuma yao sare za shule za Januari. Ukingoja mpaka sare za shule ziagizwe, umechelewa. Mei na Juni, hela za watu zikiwa zinaingia kwenye salfa, dawa ya mikorosho, na mlangoni kumetulia, nakata vielelezo vya kukatia nguo kwa karatasi ngumu ya khaki: shati na sketi za umri wa miaka 7, 9, 11 na 13. Kielelezo kikiwapo, kukata shati kunashuka kutoka dakika 25 hadi 10. Septemba naanza kukata na kuunga mashati, naacha kola na vifungo hadi mtoto apimwe. Pindo la sketi liwe sentimita 6, mama ataliachia mtoto akirefuka. Kumbuka pia kwamba mchana wa Juni kwetu ni mfupi kuliko wa Desemba kwa takriban saa moja; kazi za vitambaa vyeusi za alasiri zipungue.

Simu naijibu saa 6 mchana na saa 12 jioni. Muda mwingine iko kabatini, bila sauti. Wateja wote wanajua saa hizo mbili, na wa mbali nawatumia picha ya kitambaa kikifika, maswali yanapungua kabisa. Safari ya sokoni ni moja, Ijumaa: kila kinachoisha naandika kwenye karatasi iliyotundikwa ukutani na kubandika kipande cha kitambaa chenyewe kwa pini. Uzi unaonunuliwa kwa kukumbuka rangi hurudishwa, na hapo umetupa nauli na saa nzima. Malipo ya kodi kwa mwenye mauzo yanayofikia kiwango cha kulipa ni kwa robo mwaka: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Tarehe hizo ziko kwenye kalenda hiyo hiyo ya arobaini.

Jioni, dakika 10 za mwisho ni za cherehani. Fungua kibati cha chini, toa vumbi la nyuzi kwa brashi, tia mafuta tone moja kila tundu, kimbiza kwenye kitambaa kibovu. Upepo wa bahari unatia kutu sindano na mkasi hata ndani ya nyumba, kwa hiyo kila kitu kifutwe na kufunikwa. Sindano badili kila baada ya saa 8 za kushona: namba 14 kwa kitenge na tetroni, 16 kwa jinzi. Mishono ikianza kuruka, badili sindano kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Ukiona vitanzi chini ya kitambaa, nyanyua mguu wa cherehani na utie upya uzi wa juu. Ni dakika 2, na fundi asiyejua huchezea skrubu nusu siku. Kisha najaza bobini 6 za rangi ya kesho, naweka kitambaa cha alfajiri mezani pamoja na chaki, pini na vipimo vya mwenye nguo.

Alhamisi usiku nasoma zile safu mbili za daftari. Gauni nililokadiria saa 3 likitumia saa 4 mara mbili mfululizo, naandika 4 kuanzia wiki inayofuata, na bei inapanda nayo. Na ikionekana wiki imezidi 24, usiku huo huo nampigia yule ambaye siku yake ya kuvaa iko mbali zaidi: "Shikamoo shangazi, ile yako naomba ujaribu Jumatano badala ya Jumatatu, ya kuchukua haibadiliki."