Matofali mawili kutoka Bukoba

Tetemeko la Kagera lilipiga Jumamosi mchana, 10 Septemba 2016, mi niko Dar naandika proposo ya masters kuhusu kuta za matofali, na ufa wa tetemeko nilikua nimeuona kwenye picha tu. Siku chache baadae tukapanda basi la Bukoba mi na mwenzangu, tuna futi kamba na kamera.

Ukubwa wake ulikua 5.9, sio tetemeko la kutisha ukilinganisha na ya wenzetu huko duniani, lakini watu wasiopungua 17 walikufa na nyumba zilianguka kwa mamia. Kila tulipopita gebo zimelala nje, ile pembetatu ya ukuta chini ya kenchi, af kati ya dirisha na dirisha kuna ufa umekatiza kama herufi X.

Kuna bibi tulimkuta amekaa mkekani chini ya turubai, nyuma yake kimebaki kipande cha ukuta. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, haya matofali alichoma marehemu babu yako, yalikua mabovu?"

Nikaokota mawili nikayagonganisha, yakalia kabisa, kona zake bado kali. Ila ule udongo waliojengea niliusugua kwa kidole gumba ukamwagika kama unga wa muhogo. Nyumba haikua na linta, ule mkanda wa zege na nondo unaozungushwa kwenye kuta juu ya madirisha, hata upande mmoja! Ukuta unabeba mzigo wa juu vizuri tu miaka na miaka, sasa ardhi ikianza kuusukuma pembeni unahitaji kitu cha kuushika, na udongo haushiki, kona zinaachia, kila ukuta unabaki umesimama peke yake.

Akanipa yale mawili, nikasafiri nayo miguuni mpaka Dar. Maabara tukaweka la kwanza kwenye mashine ya kukandamiza, sindano ikapanda, ikapanda, fundi mitambo akanigeukia kwa mshangao, ndo likapasuka. La pili hivo hivo. Nilisikia uchungu sana siku ile kwa sababu nyumba nzima ilikua imejengwa kwa tofali zuri namna ile na bado ikaanguka.

Jioni nikampigia kupitia simu ya mwanae. Nikamwambia bibi, matofali ya babu yalikua mazima. Akakaa kimya muda, nikadhani imekata, af akaniuliza hiyo linta inataka nondo za ukubwa gani.