Saladi ya Matunda na Karanga kwa Baridi ya Kabale

Ifikapo Juni na Julai, ukungu hulala mabondeni hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mpaka jua lipande, na nyumbani kwetu hakuna anayetaka kitu kingine asubuhi ila uji na chai ya moto. Ndiyo maana mama mkwe alishangaa kunikuta nikimenya matunda siku kama hiyo. Nilimweleza kwamba katika nchi zenye majira ya baridi kali watu huandaa saladi ya matufaha, mapeasi, machungwa, komamanga na kokwa za jozi (walnut), kwa kuwa hayo ndiyo hupatikana au hudumu ghalani wakati huo, nami huifuata njia hiyo kwa vinavyouzwa sokoni kwetu.

Msingi wangu ni tufaha la Kigezi, eneo letu hili la milima. Mtufaha ni mti uliozoea baridi ya kupukutisha majani, na kwa kuwa baridi yetu haifiki huko, wakulima huyang'oa majani kwa mikono ili mti uchipue na kutoa maua. Nikikumbuka kazi hiyo sithubutu kutupa ganda. Huosha tufaha vizuri na kulikata nalo, vipande vyembamba, kisha mara moja huvichanganya na maji ya limau, kwa maana asidi yake huchelewesha ule weusi unaotokea nyama ya tunda inapokutana na hewa.

Tunda damu, yaani nyanya ya mti, linadai uangalifu zaidi. Ganda lake ni chungu, kwa hiyo hulichanja kidogo kwenye ncha, nikalitia katika maji yanayochemka kwa dakika moja hivi, nikalihamishia kwenye maji baridi. Hapo ganda huvuka lenyewe kama soksi iliyolowa. Ndani mna mbegu nyeusi na utomvu mwekundu unaopaka rangi kila kitu, na ndiyo sababu hulipanga juu mwishoni, bila kulikoroga. Nanasi na ndizi mbivu hazina masharti mengi, ila ndizi ikatwe dakika za mwisho.

Sukari siitii kabisa. Hukata pasheni tatu zilizokunjamana ganda, kwa sababu hizo ndizo zilizoiva na kupungua ukali, nikakomba kiini chake kwa kijiko na kukichanganya na kijiko kimoja cha asali. Mchuzi huo unatosha bakuli la watu wanne.

Sehemu ninayoijali kuliko zote ni karanga. Huzichambua moja moja kwenye ungo, nikitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa kuwa sumu inayoletwa na kuvu haiondoki kwa kukaanga. Zilizobaki huzikaanga kwa moto mdogo bila mafuta, nikizigeuza mpaka harufu ienee jikoni na ngozi ianze kupasuka, kisha huzipoza, huzipepeta na kuzitwanga kidogo tu, zibaki vipande. Ufuta, ambao wengi hapa huuita simsim, hukaangwa peke yake, maana huungua upesi. Vyote viwili hunyunyizwa bakuli likiwa tayari mezani. Vikitangulia, maji ya matunda huvilainisha na utamu wa kutafuna hupotea.

Mama mkwe alilipokea bakuli lake akiwa ameketi kando ya sigiri, akala polepole mpaka akafika chini, kisha akaniomba nimwongezee karanga.