Makopo sita mlangoni

Tangu Jumapili nimekuwa nikilijibu swali ambalo nilishalijibu, na leo ni Alhamisi.

Wifi alikuja, yule mkubwa wa Tegeta. Nilikuwa nje naanua nguo, akaingia jikoni mwenyewe kutafuta sukari, akafungua kabati la chini. Kabati lile mnalijua, niliwaandikia lilipong'oka bawaba: chupa za jemu zilizobanduliwa karatasi, makopo ya siagi, ndoo mbili ndogo, mifuniko yote kwenye bakuli lake. Niliporudi na nguo begani nilimkuta amechuchumaa, ameshika kopo la siagi analigeuzageuza.

"Wifi," akasema, "kwani nyumba hii hamtupi kitu?"

Nami nikasema, "Aa, hayo ya Nuru. Mwalimu wao kaagiza."

Basi. Akalirudisha kopo, tukanywa chai, akasifia maandazi, akaondoka kabla ya foleni.

Sidhani kama alisema kwa ubaya. Nimeirudia sauti yake mara nyingi mno. Lile "hamtupi" alilivuta kidogo, na baada ya "kitu" pumzi ikamtoka puani. Kilikuwa kicheko? Au ni magoti tu, maana akichuchumaa yanamuuma? Kila usiku naisikia namna nyingine. Jumatatu Baba Nuru kaleta barua ya uhamisho wa Dodoma, tumezungumza mpaka saa saba usiku, lakini taa ilipozimwa nilikuwa nimesharudi jikoni kwangu, nguo begani, nasema tena "mwalimu wao kaagiza."

Mwalimu hakuagiza kitu.

Ningeweza kumwambia: Wifi, kopo hilo ulilolishika limebeba uji wa Nuru tangu akiwa chekechea, sasa linakaa dengu. Ile chupa ndefu naenda nayo kwa Mangi kununua mafuta ya kupima. Ningeweza kumwambia kwamba Jumamosi mkokoteni wa taka ukipita, jirani anatoa viroba vitatu na mimi changu hakijafika nusu, na kwamba niliwahi kupita dampo la Pugu Kinyamwezi tukienda msibani, na tangu siku ile kopo zima haliniponyoki mkononi. Ningeweza kumwambia habari za mama. Pale Pangani mifuko ya rambo ilikuwa inafuliwa na kuanikwa kambani pamoja na nguo zetu. Mifuko ilipopigwa marufuku, tarehe 1 Juni 2019, watu walihangaika sokoni na samaki mikononi. Mama alitungua kikapu chake cha ukili msumarini, pale pale kilipokuwa siku zote, akaenda zake.

Huyo ndiye niliyemkana, kwa sentensi moja, mbele ya kabati langu mwenyewe. Swali la wifi lingepita. Jibu ndilo limenikaa kooni.

Halafu ikaja Jumanne. Natoka kuwasha jiko asubuhi, nakuta makopo sita mlangoni, kando ya viatu vya shule. Yameoshwa upya, bado yana matone, yamefungwa kwa kipande cha ile kanga yangu ya zambarau iliyokuwa dekio.

"Mama, hukusema mwalimu anataka mangapi. Nimechukua sita."

Nuru alikuwa chumbani siku ile, alisikia. Ana miaka tisa na aliogopa kwenda shule mikono mitupu.

Nilikaa chini pale kizingitini. Nikamwambia mwalimu hakuagiza, mama alisema uongo.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya makopo?" Akayatazama, moja moja, kama anayatafutia kosa. Hakuliona. Akafungua fundo, akayarudisha kabatini, akavaa viatu.

Siku nzima kazini nilikuwa mwepesi, sijui niseme nini zaidi ya hivyo. Nilirudi na nazi mbili, tukapika wali. Nuru alikalia mbuzi. Viganja vyake bado vidogo, kifuu kinamzidi, anakizungusha kwa mikono miwili kama bibi yake alivyomfundisha Desemba: anza ukingoni, usishindane na meno ya mbuzi, ukiona weusi acha. Nazi ilikuwa inadondoka kwenye ungo nyeupe pee, na ulimi wake umetokeza pembeni ya mdomo. Tui la kwanza tukaliweka kando, la pili likapikia mchele. Maji ya kuoshea mchele yakaenda kwenye mchicha wa kwenye matairi. Machicha wakapewa kuku. Vifuu vitatu vikaingia jikoni, vinashika moto haraka kuliko mkaa. Cha nne Nuru alikikataa, anasema kina umbo zuri, baba yake amtengenezee upawa kabla hajaenda Dodoma. Ukoko tukagawana kwa haki, ingawa nakiri kipande cha pembeni kilichokolea nilikichukua mimi.

Nilipotaka kufagia jikoni sikuona cha kufagia. Nilisimama pale na ufagio nikatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Akiwa amelala tayari, au nilidhani amelala, akauliza gizani: "Na shangazi utamwambia lini?"

Nimesema Jumapili. Nitampigia, au niende kabisa Tegeta, nimpelekee achari ya ndimu ndani ya chupa ya jemu. Nadhani nitaenda.

Sasa kuna yule kuku wa kijivu. Ameatamia siku ya 17 leo, zimebaki nne zifike 21, na tangu jana jioni ametoka juu ya mayai. Amesimama tu pembeni ya tenga, machicha hagusi. Nimeyashika mayai, upande mmoja yamepoa. Nimeyafunika na ile kanga ya zambarau, nimeweka taa karibu, na hii ni mara ya tatu nanyanyuka kwenda kutazama kama amerudi.