Barua ya Mazoea ya Marehemu

Katika majira ya baridi ya mwaka 1990, nilipokuwa nikisoma Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Patrice Lumumba mjini Moscow, bibi mmoja aliyekuwa akikaa zamu mlangoni mwa bweni letu, Mtaa wa Miklukho-Maklaya, aliniomba nimtafsirie barua kwa Kiingereza. Ilikuwa iende Toronto, kwa mjukuu wa marehemu dada yake, kijana asiyejua Kirusi, aliyekuwa ameuliza babu yake, yaani mume wa bibi huyu, alikuwa mtu wa namna gani. Wanafunzi tulimwita bibi kwa jina lake pamoja na la baba yake, kama adabu ya Kirusi inavyotaka. Yeye aliniita mwanawe. "Medali za vita ataziona kwenye picha," aliniambia. "Wewe mwandikie mazoea yake."

Karibu kila sentensi yake ilianza na "byvalo", neno ambalo Warusi hulitanguliza wanapokumbuka jambo lililokuwa likitendeka mara kwa mara zamani, na mara nyingi vitenzi vinavyolifuata huvaa umbo la wakati ujao: byvalo, atakuja, atavua buti, atakaa. Anayejifunza sarufi kwa majedwali huona vurugu hapo, lakini Kiingereza nacho kina "would", na mimi niliyekua na "hu-" mdomoni nilimsikia mzee huyo waziwazi: huja, huvua, hukaa. Basi "would" nikaitumia kwa yale aliyoyashika hadi mwisho, na "used to" nikaiweka akiba kwa yale aliyoyaacha mapema, kama kuvua samaki kwenye barafu, kwa sababu msomaji wa Kiingereza akiiona huelewa kwamba jambo lilikoma mtu angali hai.

Kilichotukalisha sana ni chai. Mzee aliinywa "vprikusku", neno moja tu, ambalo kwa Kiingereza sikulipatia mwenzake. Bibi alipoona nimesita, alifungua droo, akatoa bonge la sukari, katika siku ambazo sukari mjini ilipatikana kwa kuponi, akalivunja kwa koleo dogo, akabana kipande kati ya meno ya mbele, kisha akaifyonza chai isiyo na sukari ikipita juu yake. Niliandika nilichokiona, sentensi ndefu nzima, wala sikuona sababu ya kuifupisha.

Kisha tukafika kwenye sigara. Madaktari walimkataza mzee, mkewe alimficha pakiti, na kila mara alizirudia. Bibi akasema methali ambayo Warusi huitumia kwa mtu asiyebadilika: mwenye kibyongo hunyooshwa na kaburi. Kamusi yangu ilitoa jibu la haraka, chui habadili madoa yake, ambalo Waingereza wamelipata katika Yeremia 13:23, pale nabii anapouliza kama Mkushi aweza kuibadili ngozi yake, au chui madoadoa yake. Sisi tungesema tabia ni ngozi ya mwili, na maana ya jumla ingetimia. Lakini bibi alikuwa amenyamaza baada ya neno "kaburi", halafu akaongeza, "Na kweli, lilimnyoosha." Chui angeingia hapo, kaburi lingetoweka, na sentensi ile ya pili isingekuwa na pa kusimama. Methali inapokuwa imegeuka habari ya kweli kinywani mwa msemaji, naamini mfasiri hana haki ya kuibadilisha na ya kwao. Nilimwacha mwenye kibyongo na kaburi lake, neno kwa neno, nikaongeza kwamba ndivyo Warusi wasemavyo.

Bibi alitaka nimsomee upya kwa Kirusi kile nilichokiandika, akasikiliza akifuatisha kwa kidole ukurasa asioweza kuusoma, na mahali pale akaniuliza kama kaburi limo. Nilimwambia limo, akatia sahihi.

Jibu lilikuja majira ya kuchipua. Kijana alishukuru, kisha akauliza kipande cha sukari kiwe na ukubwa gani, na kama chai iwe ya moto sana. Tuliketi tena kuandika.