Pikapu yangu ya gesi: ugonjwa ulikuwa kwenye maji

Nina pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1972, injini ya silinda sita zilizosimama mstari mmoja, lita 4.1, na tangu iwe yangu haijaonja petroli. Inakula propani. Mtungi umelazwa kwenye bodi, nyuma tu ya kabini, na ilinifikia ikiwa imeshabadilishwa zamani: kabureta imeondolewa, mahali pake pana miksa, kifaa kinachochanganya gesi na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Mwaka wa kwanza karibu kila fundi niliyempelekea alinipa dawa ileile: "Ng'oa mitambo hiyo ya gesi, rudisha kabureta, utapumzika." Ninaandika kwa ajili ya wanaoambiwa hivyo leo, kwa sababu mimi nilibaki kidogo sana nikubali.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Inawaka vizuri. Kwenye tambarare inakwenda bila kulalamika. Nikianza kupanda mlima nikiwa nimekanyaga mafuta, baada ya muda nguvu zinapungua, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Nikifungua boneti naikuta vaporaiza imevaa barafu nyeupe, juani, karibu na injini ya moto. Nikisubiri nusu saa barafu inayeyuka, napiga stata, tunaondoka kama vile hakuna kilichotokea. Kuna mlima mmoja ambao ulinizimia gari mara nyingi kiasi kwamba nilishajua ni kona ya ngapi.

Kwa asiyeijua, vaporaiza ndiyo moyo wa gari la propani. Ndani ya mtungi propani iko katika hali ya maji kwa sababu ya mgandamizo. Inafika kwenye vaporaiza ikiwa bado maji, pale mgandamizo unaachiliwa, inachemka na kuwa gesi, kisha inavutwa na miksa. Lita moja ya maji yake hutoa takriban lita 270 za gesi. Na kitu kinachochemka hunyang'anya joto palipo karibu nacho. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, hivyo chombo hicho kisipopashwa moto muda wote kitaganda tu. Kinapashwa na maji ya rejeta, yanayozungushwa ndani yake kwa mipira miwili.

Hayo nimeyaeleza kwa mistari michache, lakini kuyaelewa kulinichukua miezi.

Ushauri wa kwanza ulikuwa kubadilisha chujio la gesi. Nikabadilisha. Mlima ukanizimia. Ushauri wa pili: dayaframu, yaani ngozi za mpira zilizomo ndani ya vaporaiza, zimechoka. Nikanunua seti nzima ya mipira ya ndani, nikafunga valvu ya mtungi, nikaiacha injini ijizimie yenyewe ili laini ya gesi ibaki tupu, nikafungua vaporaiza juu ya meza. Ndani kulikuwa na mabaki meusi ya mafuta mazito, yanayoachwa na propani kidogo kidogo kwa miaka. Nikayasafisha kwa subira, nikafunga kila skrubu kwa mkono, na nakiri niliipenda kazi ile. Nilikuwa na uhakika nimemaliza. Siku iliyofuata, kona ileile, barafu ileile.

Ushauri wa tatu ndio ulioniudhi mpaka leo. Fundi mmoja, mwenye sauti ya mtu asiyekosea, aliniambia tatizo ni kwamba gari linavuta gesi ya maji kutoka chini ya mtungi. "Mtungi wa jikoni unatoa gesi ya juu, na hauzimi," akasema. "Tuhamishe laini iwe ya juu." Tukahamisha, nikamlipa, nikaenda mlimani. Vaporaiza haikuganda, ni kweli. Safari hii mtungi wenyewe ndio uliota ukungu, kisha tabaka la barafu kufikia usawa wa gesi iliyomo, na gari likalegea hata kabla ya kona yangu. Jiko linavuta gesi kidogo, kwa hiyo mtungi unapata joto la kutosha kutoka hewani kuchemsha kinachotakiwa. Injini ya lita 4.1 inayopanda mlima inataka gesi nyingi kupita kiasi hicho. Mtungi unapoa, mgandamizo unashuka, injini inakufa njaa. Mtungi wa gari umetengenezwa utoe maji chini, na uchemshaji ufanyike kwenye vaporaiza. Nikarudisha laini ilipokuwa.

Jibu nililipata kwa kugusa tu. Nilisimama pembeni ya barabara, injini inanguruma, nikashika mipira miwili ya maji ya vaporaiza. Mmoja unaunguza. Wa pili ulikuwa wa baridi kama haujawahi kupitiwa na maji. Rejeta imejaa hadi mdomoni, pampu nzima, lakini maji hayapiti! Chujio, dayaframu, laini, vyote nilivyovihangaikia havikuwa na kosa. Gesi ilikuwa inakufa kwa kukosa maji.

Nilishuku kuna hewa imenaswa. Hewa hukimbilia juu, basi swali likawa: je, vaporaiza iko juu kuliko rejeta? Kwa macho huwezi kujua, kwa sababu moja iko mbele, nyingine imefungwa upande wa ndani wa madigadi, na katikati kuna kila kitu. Hapo ndipo nikakumbuka wajenzi wanavyopima usawa wa ukuta. Nikachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaujaza maji nusu, ncha moja nikaishikilia kwenye mdomo wa rejeta, nyingine kwenye vaporaiza. Maji hayadanganyi; pande zote mbili hukaa usawa mmoja. Nikapandisha ncha ya rejeta mpaka maji yakafika penye kifuniko, nikageuka kutazama ncha ya pili. Vaporaiza ilikuwa juu ya usawa ule kwa vidole vinne. Aliyeifunga zamani aliipa sehemu nzuri kwa macho, na ndiyo sehemu pekee ambayo hewa ingekaa daima. Nikarudia mara tatu kwa furaha tu ya kuona.

Kuishusha ilikuwa kazi ya nusu siku. Matundu mawili mapya chini, mipira ya maji mipya, klipu mpya, yote kwa fedha isiyofika bei ya tairi moja. Kutoa hewa ndiko kunakotaka akili: niliegesha pua ya gari ikiangalia kilimani ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote, injini ikiwa imepoa kabisa, nikalegeza mpira wa juu wa vaporaiza na kujaza maji taratibu. Ukatoa pumzi ndefu, ukatema mapovu, kisha ukaanza kutoa maji matupu. Nikakaza. Nikawasha, nikajaza tena yalipoteremka.

Nilipanda mlima ule nikiwa nimekanyaga mafuta muda wote, nikapita kona yangu. Juu kabisa nikasimama, nikafungua boneti na kuweka kiganja juu ya vaporaiza. Ilikuwa ya moto. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Kuna mengine niliyojifunza njiani. Valvu ya mtungi ifungue polepole. Ukiifungua kwa pupa, ndani kuna valvu ya usalama inayodhani mpira umekatika, inafunga, na utapiga stata mpaka betri iishe. Ikitokea, funga, subiri kidogo, fungua tena taratibu. Na unapowasha usipigepige pedali ya mafuta kama kwenye kabureta. Haina choki wala pampu ya kumwagia. Yangu ina kitufe cha kuamsha gesi kwenye vaporaiza, kinabonyezwa mara moja tu asubuhi ya baridi.

Mtungi haujazwi zaidi ya asilimia 80. Propani ya maji hupanuka sana inapopata joto, na nafasi ile ya juu si hasara, ni uhai wako. Umbali nao utapungua: lita ya propani ina nguvu karibu robo tatu ya lita ya petroli, kwa hiyo usishtuke ukijaza mara nyingi zaidi. Mimi nilishtuka, nikadhani inavuja, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Hakukuwa na tundu. Povu la sabuni, narudia, kamwe usitumie kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa mashimoni, kwa hiyo mimi siegeshi juu ya shimo la gereji, na nikisikia harufu ile kali inayowekwa makusudi, nafunga mtungi kwanza, maswali baadaye.

Plagi na waya zake zisichakae. Propani inataka cheche yenye nguvu kuliko petroli, na cheche ikikosa, gesi iliyojaa kwenye njia ya hewa inaweza kulipuka kwa nyuma. Yangu ililipuka mara moja ikarusha kifuniko cha chujio la hewa. Nilibadilisha waya zote siku hiyohiyo na kupunguza kidogo nafasi ya kurukia cheche kwenye plagi, na haijarudia.

Kwa malipo ya taabu zote hizo, gari linanipa kitu ambacho sijakiona kwenye petroli. Nikichomoa kijiti cha oili baada ya miezi mingi, oili bado ina rangi ya asali. Propani haina matone ya kuosha kuta za silinda, wala masizi mengi ya kuichafua. Na haichachi. Mwaka jana niliiacha miezi saba bila kuiwasha. Niliporudi nilifungua valvu polepole, nikabonyeza kitufe mara moja, nikapiga stata. Ilishika kwenye mzunguko wa pili, ikatulia, na nikabaki nimeshika mpira wa maji wa kutoka, nikisubiri upate joto.