Kumbukumbu ya mradi wangu: bastola, chaki na nyuzi 90

Februari, Jumamosi ya kwanza

Naanza kuandika kwa sababu jambo hili limenikaa kichwani mwezi mzima na kila nikilala nalo naamka nalo. Uwanjani tunakofanyia mazoezi wametangaza mafunzo ya kufuzu kwa wanaotaka kushindana kwa bastola. Siku mbili, watu kumi tu. Bila kufuzu utatoboa karatasi zako mwenyewe mpaka uzeeke, lakini siku ya mashindano utakaa nyuma ya kamba na watazamaji. Ada ni kama faida ya duka langu kwa wiki mbili, na juu yake risasi 300 za kununua mwenyewe.

Bastola ninayo, ya milimita 9. Cheti cha kumiliki silaha nilikipata kabla ya 2018, na mwisho wa mwaka ule, serikali ilipoamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, nilihakikiwa pamoja na wenzangu. Sababu yangu ilikuwa duka la spea hapa Mwembe Tayari na pesa za jioni. Miaka yote hii imekuwa kitu cha kubeba, kufungia na kufuta mafuta. Mombasa hii ukikiacha chuma wiki mbili bila mafuta, chumvi ya bahari inaanza kukila. Nimeona madoa mekundu kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya kishikio, ambayo haijawahi hata kutoka kabatini.

Kulenga kwa mashindano nilikuona kwa mara ya kwanza mwaka jana, na siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimechangamka kama mtoto aliyetoka baharini.

Februari, Jumatano usiku

Nimesoma kitabu cha kanuni cha IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo. Liliundwa 1976 mjini Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Wito wao ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas: usahihi, nguvu, kasi. Mchezo wote umesimama juu ya kuyapatanisha hayo matatu, na hesabu yake ndiyo iliyoniteka mimi mtu wa duka.

Iko hivi. Shabaha ya karatasi ina maeneo matatu. Kwa bastola kama yangu, katika kundi la bastola za kawaida ambazo hazijafanyiwa marekebisho makubwa, katikati ni pointi 5, pembeni kidogo 3, ukingoni 1. Ukikosa unatozwa 10. Pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia, na jibu linalopatikana ndilo linalopangwa dhidi ya wenzako. Mashindano yamegawanywa kwa vituo, kila kimoja na shabaha zake na muda wake. Tuseme kituo kina shabaha sita, risasi mbili kila moja. Mtu wa kwanza anapiga zote katikati kwa sekunde 10: pointi 60, jibu 6. Wa pili anakwenda mbio, mbili zinaangukia pembeni, anamaliza kwa sekunde 8: pointi 56, jibu 7. Huyu kamshinda aliyepiga bila kosa. Wa tatu naye sekunde 8, kumi na moja katikati na moja imepotea: 55 ukitoa 10 ni 45, jibu halifiki hata 5.7. Risasi moja tu imemtoa mbele ikamweka nyuma ya wote.

Nilikaa na kikokotozi hadi saa tano usiku nikibadilisha namba.

Vituo vifupi havizidi risasi 12, vya kati 24, virefu 32. Na hakuna anayesimama mahali pamoja: unakimbia, unachungulia dirishani, unapiga magoti, unabadilisha magazini huku miguu inakwenda. Hapo penye miguu ndipo penye mashaka yangu.

Februari, Ijumaa

Niliandike na hili, maana ndilo lililonifanya nifikirie mafunzo kwa uzito.

Miaka minne nyuma, usiku, nilirudi nyumbani kutoka dukani nimechoka nikaitoa bastola kiunoni niifungie. Nilivuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, risasi ikaruka kitandani, nikaiokota. Kisha nikachomoa magazini. Kichwani mwangu kazi ilikuwa imekwisha: risasi imetoka, magazini imetoka. Binti yetu mdogo akaita kutoka sebuleni, nikageuka na bastola mkononi, na sijui ni nini kilichonifanya niangalie ndani tena. Shaba iliniangalia. Nilipovuta slaidi magazini ilikuwa bado imo, na slaidi iliporudi ilisukuma risasi ya pili ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa. Nilikuwa nimefanya mambo mawili yote sahihi kwa mpangilio usio sahihi.

Hakuna aliyejua. Mke wangu nimemwambia jana, miaka minne baadaye.

Uwanjani, mtu akimaliza kituo, afisa anayesimamia kituo anasimama ubavuni mwake na kumwamuru aondoe risasi na aonyeshe. Kwanza magazini inatoka. Halafu slaidi inavutwa na kushikiliwa nyuma. Halafu watu wawili, wewe na afisa, mnatazama chemba kwa macho yenu. Akiridhika anakuamuru ufunge, ufyatue patupu kuelekea tuta la mchanga linalozuia risasi, kisha uirudishe kwenye ala. Kila kituo, kila mtu, bingwa na mgeni. Ningekuwa nimeyarudia hayo mara 500 chini ya jicho la mtu, usiku ule mikono ingejua.

Februari, Jumapili

Nilikwenda kutazama mashindano ya uwanjani. Joto la kaskazi, hakuna jani linalotikisika, watu wanapaka chaki viganjani kwa jasho.

Mwalimu wetu ni askari mstaafu, sote twamwita Afande. Sauti yake ni ya chini, na hupaswi kumfanya arudie. Alikuwa anaongoza kituo cha tatu. Akaja mtu mmoja mzoefu, kati ya wale ambao mimi huwatazama nikijifunza. Alianza vizuri sana. Akatoka kulia kwenda kushoto huku anabadilisha magazini, na hapo mdomo wa mtutu ukamfuata, ukapita pembeni, ukageukia upande wetu. Nusu sekunde haikufika. Afande akapaza sauti: "Simama!"

Kanuni ni kwamba mtutu usivuke nyuzi 90 kutoka kwenye tuta la mbele. Ukivuka umetoka kwenye mashindano yote, si kituo kile peke yake. Vivyo hivyo ukiangusha bastola yenye risasi, au ikilia wakati hukukusudia. Ulipe ada, uendeshe kilomita 480 kwenda Nairobi, ulale huko, na kwenye kituo cha kwanza unafungasha.

Yule bwana aliondoa risasi, akaonyesha, akarudisha bastola kwenye ala. Kisha akamwambia Afande, "Umeona sawa. Ahsante." Hakubishana wala hakusema jua lilimpiga. Alibaki mpaka jioni akibandika vibandiko kwenye matundu ya shabaha za wenzake.

Nimerudi nikijiuliza kama mimi ningeweza kusema yale maneno.

Machi, Jumanne

Mazungumzo na mke wangu, nayaandika kama yalivyokuwa kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko zangu.

Alisema, "Bastola hii uliileta nyumbani kwa hofu. Na mimi niliikubali kwa sababu nilikuwa naona unavyoihofu. Ukianza kuichezea, si utaizoea? Mazoea yana taabu."

Nikamwambia usiku ule wa miaka minne nilikuwa na hofu tele, na hofu haikunisaidia kitu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi hiyo siyo hofu niliyokuwa naisema mimi." Akaenda kuosha vyombo.

Nimelifikiria sana. Nadhani anamaanisha ile heshima ya mtu wa mashua kwa bahari. Ami yangu alivua miaka 30 na hajawahi kuipa bahari mgongo, lakini hakuwa akitetemeka. Aliijua. Mimi bastola yangu siijui. Naipiga karibu risasi 50 kwa miezi mitatu, nimesimama wima, shabaha iko mita saba, hakuna anayenihimiza. Huko si kuijua.

Machi, Alhamisi

Sharti la kwanza la mazoezi makavu nyumbani, yaani ya bastola tupu: risasi zote, hata za magazini ya akiba, zinafungiwa chumba kingine kabla bastola haijatoka. Mke wangu ndiye anayekaa na ufunguo. Chemba natazama mimi, kisha anatazama yeye. Nalenga ukuta wa mawe ya matumbawe, ule mnene wa upande wa kisima.

Nimechora mstari wa chaki sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Huo ndio nyuzi 90 zangu. Simu nimeiegemeza juu ya kabati itazame chini. Napita kushoto hatua nne nikibadilisha magazini, kisha narudi kulia.

Kulia: mara 20, hakuna tatizo.

Kushoto: mara 20, mtutu umevuka mara sita.

Sikuamini. Nilitazama video mara tatu. Mkononi nilikuwa nahisi kabisa naelekeza mbele. Kumbe mtu wa mkono wa kulia akibadilisha magazini anainamisha bastola ili mdomo wa kishikio uelekee mkono wa kushoto, na mtutu nao unaegemea kushoto. Ukiwa unakimbia upande huohuo, kiwiliwili kizima kinageuka na kuubeba mtutu. Hii ndiyo iliyomtoa yule bwana.

Machi, wiki ya pili

Afande nilimtumia video. Alijibu kwa sauti, dakika moja na nusu, na sehemu kubwa ilikuwa kuhusu miguu. "Mwanangu, bastola haina kosa. Kiuno chako ndicho kinachokimbia. Kiache kiuno kitazame tuta, miguu iende ubavu kama kaa. Na magazini mpya iingie kabla hujachukua hatua ya pili. Usikimbie na bastola iliyo wazi."

Kama kaa! Binti yetu amecheka mpaka akakaa chini. Lakini inafanya kazi. Kushoto, mara 20: imevuka mara mbili. Kidole kiko nje ya kifyatulio kila mara isipokuwa moja, na hiyo moja imenikera kuliko mitutu miwili, kwa sababu kidole ndani wakati wa kubadilisha magazini nako kunakutoa mashindanoni.

Suala la risasi. Cheti cha silaha kinataja idadi ninayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja, na haifiki 300. Mmoja wetu alinishauri tugawane, yeye abebe zangu. Sitafanya hivyo. Nimeandika barua kwa bodi ya leseni za silaha kuomba idadi iongezwe, nimeeleza sababu. Wakikataa, mafunzo yatasubiri.

Machi, wiki ya nne

Mara 40 kushoto, kwa siku tatu mfululizo. Jumatatu imevuka moja. Jumanne hakuna. Jumatano moja tena, nilipokuwa nimechoka na nimeanza kuongeza kasi bila kujua.

Nimemwuliza Afande kama moja katika 40 inatosha kuanza mafunzo. Akasema, "Hiyo moja itatazama tumbo la mtu. Wewe unaonaje?" Nilidhani ananikataza. Lakini akaendelea kwamba mafunzo ndiyo mahali pake, kwa kuwa pale siku ya kwanza yote ni bastola tupu, unatembezwa kituo kizima mkono wa afisa ukiwa karibu na bega lako, na risasi huzigusi mpaka wameridhika. Na mwisho wake wanayo haki ya kutokukupa cheti. Mwaka jana katika kumi walifuzu saba.

Hilo la saba limenituliza. Mafunzo yanayofuzisha kila aliyelipa nisingeyaendea.

Aprili, Jumamosi

Jibu la barua limekuja, wamekubali. Masika nayo yameingia. Leo barabara ya kwenda uwanjani ilikuwa tope, tuta limelowa, mazoezi yakaahirishwa.

Nimelipa. Si kwa mafunzo ya mwezi huu. Nimeomba nafasi ya yale ya baada ya mvua, miezi miwili kutoka sasa. Ya mwezi huu nilikuwa na nafasi na nimeiachia, akaichukua dada mmoja wa Mtwapa ambaye mtutu wake nimeutazama mimi mwenyewe na hauendi popote. Mashindano sijui kama nitashinda hata moja, na nikiwa mkweli nataka sana kushinda, siku moja nisimame Kiambu na vijana wa bara na jina langu lisiwe la mwisho. Lakini cheti hiki ninakitaka hata kama sitashindana kamwe.

Mke wangu nimemwomba masharti, akanipa mawili. Ufunguo wa risasi unabaki kwake. Na usiku wowote nitakaorudi kutoka dukani nimechoka, bastola anaikagua yeye kwanza, hata mimi nikiwa nimeshaikagua. Nimemfundisha mpangilio: magazini, slaidi, jicho. Juzi aliurudia peke yake bila mimi kusema neno, na alipofika kwenye jicho aliinua chemba kwenye taa akatazama muda mrefu kuliko ninavyotazama mimi.

Bado sina mikebe ya mkandani ya magazini tatu za akiba, na ala yangu ya kila siku hairuhusiwi kwa sababu inalegea nikikimbia. Nitauliza bei Jumatatu.

Usiku huu: chaki upya, maana sakafu imepigwa deki. Mara 50 kushoto, polepole. Simu ataishika binti yetu, amesema ile ya juu ya kabati haionyeshi miguu.