Nilivyoandika historia ya marehemu bibi yangu kutoka kwenye madaftari yake ya hatimkato

Bibi alipofariki kamati ya mazishi ikanipa mimi kazi ya kuandika historia ya marehemu, kwa vile ndo mjukuu niliyekuwa nakaa naye. Baba mdogo akaniletea karatasi ya msiba mwingine akasema we badilisha majina tu, alizaliwa, alisoma, aliugua, ameacha watoto na wajukuu, basi, watu hawasikilizagi hicho kitu. Ilinikera sana. Mtu kasoma Chuo cha Uhazili Tabora, kile cha makatibu muhtasi, miaka ya 70, kapiga chapa barua za serikali kipindi cha vita ya Kagera, kaanza na taipureta ya kugonga kamaliza na kompyuta, kastaafu 2015 na miaka 60 kamili, halafu aagwe kwa karatasi ya kuazima? Nikakataa.

Mambo ya kibali, jeneza na gari la kwenda Muheza kamati ilimaliza, mi nikaingia chumbani kwake kutafuta madaftari. Yapo mengi, yale yenye springi juu, yote kaandika kwa penseli na yote ni hatimkato, vijistari na vidoti, ile ambayo katibu muhtasi anaandika huku bosi anaongea, na kwenye matangazo ya kazi walikuwa wanataka maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza. Shangazi akasema yachomwe ni siri za ofisi. Si kweli. Ya ofisi yalibaki ofisini, na kwa kutunza siri bibi yangu namvulia kofia, wakubwa wangapi wamepita mlangoni kwake na hatujawahi kusikia hata jina.

Sasa nani asome? Kuna mama mmoja alisoma nae Tabora, yuko Morogoro. Nikapiga picha kwa simu nikamtumia WhatsApp, akajibu mwanangu sioni kitu. Nikaenda stationery wakanitolea fotokopi nyeusi kabisa, kama elfu nne tano hivi ikaondoka, nikaituma hiyo, bado. Kuna kijana akanishauri nishushe app ya kusoma maandishi ya mkono, ikatoa takataka tupu. Ndo yule mama akanipigia akanielewesha, kwenye hatimkato ya mtindo wa Pitman, ule waliosomea, mstari mwembamba ni p, ule ule ukiukoleza unakuwa b, t na d hivyo hivyo, na irabu wenye kasi wanaziruka, unazijua kwa kuangalia alama imekaa juu ya mstari wa daftari, imeukalia au imeukata. Fotokopi yako, akasema, imefanya membamba na minene yote sawa na mistari ya daftari imefutika, nisome nini? Hapo nikaelewa, kesho yake nikabeba madaftari yenyewe nikapanda SGR mpaka Moro.

Alitoa kiti barazani, akawa anainamisha ukurasa mpaka penseli ing'ae kwenye mwanga, midomo inacheza kwanza halafu ndo anasema, mi narekodi. Maneno ya kawaida alikuwa anatiririka. Majina ndo yalimgomea, maana anaona k-r-g tu, kwa hiyo nikawa namrushia majina ya ukoo na ya vijiji vyote ninavyovijua, nikisema Korogwe anapiga paja, ndiyo! tunaendelea. Bila mtu wa familia pembeni hata fundi angekwama.

Na vilivyotoka humo hakuna mtu wa kwetu alikuwa anavijua. Alivyorudi kutoka likizo ya uzazi, baada ya kumzaa baba, akakuta mashine yake kapewa mwingine, akaidai mpaka ikarudi. Miaka ya 80 mwanzoni sukari na sabuni shida, mgao wa ofisi yao unapita mkononi kwake, kaandika kila mtu na kilo zake, jina lake la mwisho kabisa. Kuna usiku alichapa stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, mpaka saa saba, neno moja likakosewa chini kabisa ya ukurasa, akapaka ule wino mwekundu wa kusahihishia unaonuka kama rangi ya kucha, akapuliza, akasubiri ukauke, akagonga juu yake herufi moja moja. Yule mama aliposoma hapo alivua miwani akalia, na mimi nikalia.

Muheza MC alinipa dakika tano. Nilisoma kumi na kitu na hakuna aliyenyanyuka, wazee waliofanya nae kazi walikuwa wanaitikia kabisa kweli, kweli. Jioni baba mdogo mwenyewe akaniomba nakala.

Madaftari mengine bado hayajasomwa, mama wa Moro kasema niyapeleke baada ya arobaini. Kama una bibi au mama alikuwa katibu muhtasi na yuko hai, kaa nae akusomee mwenyewe huku unarekodi, na kama ameshatangulia tafuta wenzake waliosoma pamoja, nenda na daftari lenyewe, fotokopi achana nazo.